Astropy: Zana za Anga Zilizojengwa kwa Ujima

Mnamo Oktoba 2011, kundi dogo la wanaastronomia na waandishi wa programu lilikutana katika Kituo cha Fizikia ya Anga cha Harvard na Smithsonian, mjini Cambridge, jimbo la Massachusetts, Marekani. Mezani hapakuwa na ugunduzi wa sayari mpya wala mvutano wa nani atumie darubini lini. Ajenda ilikuwa moja. Kila mtafiti alikuwa akijiandikia programu zake za kompyuta, nyingi zikifanya kazi ileile, na wakati ulikuwa umefika wa kuziunganisha ziwe mali ya wote. Kikao hicho kiliuanzisha mradi wa Astropy, ambao leo ni nguzo ya utafiti wa anga duniani kote. Nao haujawahi kumtoza mtu yeyote hata senti kwa kuutumia.

Historia ya mradi huu inastahili kusimuliwa Ihanda kama inavyosimuliwa Cambridge. Kata yetu imo katika wilaya ya Mbozi nchini Tanzania, wilaya inayomtunza mgeni mashuhuri kutoka angani. Kimondo cha Mbozi kimelala kijijini Ndolezi: donge la chuma lenye urefu wa takriban mita 3 na uzito unaokadiriwa kufikia tani 16. Karibu asilimia 90 yake ni chuma, na sehemu kubwa ya kinachobaki ni nikeli. Wenyeji walikuwa wanakijua tangu zamani. Mpima ardhi William Nott alikitolea taarifa mwaka 1930, na mwaka uliofuata Grantham na Oates wakachapisha maelezo yake ya kisayansi. Kwenye orodha za vimondo za dunia kimeandikwa kwa jina la Mbosi. Mwaka 1967 kilitangazwa kuwa urithi unaolindwa, na siku hizi kiko chini ya uangalizi wa Mamlaka ya Hifadhi ya Eneo la Ngorongoro.

Kwa hiyo watu wa Mbozi tunajua kwamba elimu ya anga si mali ya mataifa ya mbali. Tunachokosa ni zana. Astropy ni habari ya jinsi zana hizo zilivyoacha kuwa za wachache.

Kabla ya mwaka 2011

Mtafiti anayeelekeza darubini kwenye galaksi hapati picha ya kutundika ukutani. Anapata faili la namba, na kila namba inaeleza kiasi cha mwanga kilichoangukia nukta moja ya kamera. Kazi huanzia hapo. Lazima aondoe makosa yaliyoletwa na chombo chenyewe, ajue kila nukta inaelekea upande gani wa anga, apime mwanga wa kila nyota, abadilishe vizio, kisha alinganishe matokeo na katalogi za waliomtangulia. Lugha ya kubadilishana mafaili hayo wanaastronomia walikwishakubaliana mapema: umbo la FITS, lililowekwa mwaka 1981 na linalotumika hadi leo. Zana za kuyachakata ndizo zilizobaki kuwa mtihani.

Kwa miaka mingi wengi walitegemea IRAF, mfumo ulioanza kuandikwa mwaka huohuo wa 1981 na wataalamu wa kituo cha Kitt Peak, Arizona. Uliwatumikia watafiti wa kizazi kizima, lakini ulikuwa mgumu kujifunza na mgumu zaidi kuufanyia marekebisho. Wengine walitumia IDL, lugha ya kibiashara inayohitaji leseni. Walikuwapo watu wakarimu walioandika programu za IDL na kuzigawa bure, ila ili uziendeshe ilibidi kwanza uinunue lugha yenyewe. Kwa chuo chenye bajeti finyu, leseni hiyo ilikuwa kizingiti kabla hata ya kufungua faili la kwanza.

Njia nyingine ilifunguliwa na Python, lugha ya kompyuta ambayo Mholanzi Guido van Rossum aliitoa kwa umma mwaka 1991. Ni ya bure, inasomeka kwa urahisi, na yeyote anaruhusiwa kuiendeleza. Taasisi ya Sayansi ya Darubini za Angani iliyoko Baltimore, inayosimamia kazi za kisayansi za darubini ya Hubble, iliikumbatia mapema na kuandika PyFITS, programu ya kusoma mafaili ya FITS kwa Python. Maktaba ya hesabu ya NumPy ilipofikia toleo la 1.0 mwaka 2006, na Matplotlib ya John Hunter ikawa inachora grafu safi, watafiti wengi vijana walihamia huko.

Kuhama huko kukazaa tatizo jipya. Erik Tollerud alikuwa na maktaba yake iliyoitwa Astropysics. Thomas Robitaille alikuwa na APLpy ya kuchora ramani za anga. Tom Aldcroft alikuwa na yake ya kusoma majedwali. Wengine wengi walikuwa na zao, na kazi kama kubadilisha majira ya nyota kutoka mfumo mmoja kwenda mwingine iliandikwa upya huku na kule. Kosa lililosahihishwa katika programu moja liliendelea kuishi katika nyingine. Mwanafunzi mpya alijikuta mbele ya zana tele zisizosikilizana, bila kujua aamini ipi.

Uamuzi wa kuunganisha nguvu

Mjadala ulipamba moto Juni 2011. Baadhi walikuwa wamechoka kuona maktaba mpya ikizaliwa kila mwezi ili kufanya kazi iliyokwishafanywa. Hoja iliyoshinda ilikuwa nyepesi kuieleza na nzito kuitekeleza: pawe na kifurushi kimoja cha msingi chenye mambo yale ambayo kila mwanaastronomia anayahitaji, na kila mtu alete bora alilonalo.

Kikao cha Oktoba kikaipa hoja hiyo miguu. Perry Greenfield wa taasisi ile ya Baltimore, Thomas Robitaille na Erik Tollerud walishika uratibu. Ilikubaliwa kwamba msimbo wote uwe wazi, usomwe na yeyote, na utolewe kwa leseni ya BSD inayomruhusu mtu kuutumia, kuubadilisha na kuusambaza mradi tu asifute jina la waliouandika. PyFITS ikaingizwa ndani ya kifurushi. PyWCS, inayounganisha nukta za picha na mahali pake angani, ikaingizwa. Programu ya majedwali ya Aldcroft nayo ikaingizwa.

Tendo hilo la kuingiza lina uzito wake. Katika sayansi, jina ndilo mshahara wa pili wa mtafiti. Programu yenye jina lako huitangaza kazi yako, hukutafutia ajira. Hawa walikubali majina ya programu zao yafifie ndani ya jina moja ambalo si la mtu yeyote. Bila moyo huo, Astropy ingekuwa maktaba moja zaidi kwenye rundo.

Toleo la 0.2, la kwanza kutangazwa rasmi kwa umma, lilitoka Februari 2013, na mwaka huohuo makala ya kuutambulisha mradi ikachapishwa katika jarida la Astronomy & Astrophysics. Badala ya kutaja mwandishi mmoja na wenzake, makala hiyo ilitiwa saini kwa jina la ushirika wenyewe wa Astropy, majina ya wajenzi yakifuata. Toleo la 1.0 lilitoka Februari 2015. Makala nyingine kubwa mbili za kuueleza mradi zilifuata mwaka 2018 na 2022, kila moja ikiwa na orodha ndefu zaidi ya majina.

Kazi inavyokwenda

Anayetaka kuelewa Astropy inafanya nini na aitumie kulitazama anga la Ihanda. Unaiambia kompyuta kwamba umesimama takribani nyuzi 9 kusini mwa ikweta na nyuzi 33 mashariki. Unaipa tarehe na saa. Kisha unauliza: Kilimia iko wapi? Programu inazingatia mzunguko wa dunia, kuyumba kwa mhimili wake na tofauti za mifumo ya saa, halafu inakujibu kwa nyuzi. Ukiuliza kwa saa ambayo Kilimia imefika kilele, jibu ni takribani nyuzi 57 juu ya upeo wa kaskazini. Ukiuliza Msalaba wa Kusini, nao katika kilele chake, ni takribani nyuzi 39 juu ya upeo wa kusini. Mistari michache ya msimbo inatosha. Mwanafunzi anaweza kutoka nje usiku uleule akahakikisha kwa macho yake.

Sehemu nyingine inayostahili kutazamwa kwa karibu ni ile ya vizio. Septemba 1999 chombo cha Marekani kiitwacho Mars Climate Orbiter kilipotea kilipofika Mirihi, kwa sababu programu moja ilitoa hesabu za msukumo kwa vizio vya Kiingereza ilhali nyingine ilizisoma kana kwamba ni za mfumo wa metriki. Katika Astropy namba hutembea na kizio chake. Ukijaribu kujumlisha kilomita na sekunde, programu inakataa na kukuambia kwa nini. Ukijumlisha kilomita na maili, inabadilisha yenyewe kwanza. Ni ulinzi mdogo unaoepusha hasara kubwa.

Ujenzi wenyewe unaendeshwa kwa utaratibu ambao mkulima wa kahawa wa Mbozi ataufahamu mara moja: ni ujima. Shamba ni la wote, kila mtu analeta jembe lake, na hakuna anayeondoka na kipande chake. Tuseme mwanafunzi amegundua kwamba programu inakosea kusoma aina fulani ya faili. Anafungua taarifa ya kosa, wazi, kila mtu akiiona. Akiweza, anaandika marekebisho kwenye nakala yake na kuomba yaingizwe katika msimbo mkuu. Mtunzaji wa sehemu hiyo anayasoma mstari kwa mstari, anauliza maswali, anaomba jaribio litakalothibitisha kwamba kosa halitarudi. Majaribio yote ya zamani yanaendeshwa upya ili kuona kama kipya kimeharibu cha zamani. Hapo ndipo marekebisho yanapokubaliwa, na jina la mwanafunzi linaingia katika orodha ya wajenzi. Hata mratibu wa mradi mabadiliko yake hukaguliwa na mwingine. Cheo hakipitishi msimbo wenye kasoro.

Kuzunguka kifurushi cha msingi vimeota vifurushi ndugu, kila kimoja na fani yake. Photutils hupima mwanga wa nyota na galaksi. Astroquery huvuta data kutoka hifadhi za dunia. Gammapy hushughulikia miali ya gamma. Kipo pia sbpy, kinachohusika na magimba madogo ya mfumo wa jua, yaani asteroidi na nyotamkia. Kwa sisi majirani wa Kimondo, hicho ni cha ukoo: mawe yanayochunguzwa kwa sbpy yakiwa bado angani ni jamaa wa lile lililoanguka Mbozi.

Mikutano iliyoujenga ushirika

Msimbo unaweza kuandikwa na watu wasiowahi kuonana, lakini ushirika unahitaji watu kukaa pamoja. Kabla ya Astropy kulikuwa na mkutano uitwao .Astronomy, ulioanza Cardiff, Wales, mwaka 2008. Mkutano huo ulivunja desturi ya kukaa siku nzima kusikiliza mihadhara. Sehemu ya ratiba iliachwa wazi ili washiriki wenyewe waamue cha kujadili, na siku nzima ilitengwa kwa kujenga: watu wanaungana asubuhi wakiwa na wazo, jioni wanaonyesha kitu kinachofanya kazi. Mwaka 2017 mkutano huo ulifanyika Cape Town.

Aprili 2015 ulifanyika mkutano wa kwanza wa Python katika Astronomia, katika Kituo cha Lorentz mjini Leiden, Uholanzi. Uliendelea Seattle mwaka uliofuata, kisha ukarudi Leiden, ukaenda New York na Baltimore. Humo walikaa meza moja mtunzaji mwenye miaka kadhaa ya kazi na mwanafunzi ambaye hajawahi kutuma hata mstari mmoja. Wengine waliondoka wakiwa wameandika maelekezo kwa wanaoanza, wengine wakiwa wamefunga kosa lililokaa muda mrefu bila tiba. Maelekezo mazuri yalihesabiwa kuwa kazi sawa na msimbo mzuri, na hiyo ni busara ambayo miradi mingi haijaifikia.

Mavuno

Tarehe 10 Aprili 2019 dunia ilioneshwa picha ya kwanza ya kivuli cha shimo jeusi, lile lililo katikati ya galaksi M87. Darubini za redio zilizotawanyika duniani zilikusanya data, na programu kadhaa zilitumika kuigeuza kuwa picha. Mojawapo, eht-imaging, imeandikwa kwa Python na inaitegemea Astropy.

Darubini ya James Webb ilirushwa tarehe 25 Desemba 2021, na picha zake za kwanza za rangi zilikamilika kutolewa tarehe 12 Julai 2022. Programu inayosafisha data yake kabla haijawafikia watafiti nayo imejengwa juu ya Astropy. Msimbo wake uko wazi. Mwanafunzi wa Vwawa au Tunduma mwenye kompyuta na intaneti anaweza kuupakua uleule unaotumika Baltimore, pamoja na data ambazo muda wake wa kuhodhiwa umekwisha, na kurudia hatua zilezile. Katika historia ya sayansi, usawa wa namna hiyo ni jambo geni.

Deni kwa wajenzi

Historia ya kweli haifichi upungufu. Kwa miaka yake ya mwanzo Astropy ilijengwa kwa kiasi kikubwa na wanafunzi wa uzamivu na watafiti wenye mikataba mifupi, wengi wakijitolea usiku na mwishoni mwa wiki. Vyuo viliajiri watu kwa idadi ya makala walizochapisha, si kwa programu walizotunza. Mwaka 2016 kundi la wanaastronomia lilichapisha waraka mkali wenye jina la Tatizo la Astropy, likisema wazi kwamba taaluma nzima inanufaika na kazi ambayo haiilipii, na kwamba waliobeba mzigo huo wanahatarisha ajira zao.

Waraka ule ulisikika. Mwaka 2019 Wakfu wa Gordon na Betty Moore ulitoa ruzuku kubwa, na baadaye NASA nayo ikachangia. Shirika lisilo la faida la NumFOCUS linashika fedha za mradi. Mwaka 2021 uongozi uliwekewa katiba: wanachama wenye kura huchagua kamati ya uratibu, na mradi hautegemei tena utashi wa waasisi. Deni halijaisha, lakini limetambuliwa.

Afrika Mashariki katika ujima huu

Kanda yetu haikukaa kando. Kenya ni miongoni mwa nchi washirika wa Afrika katika mradi wa darubini kubwa ya redio ya SKA, na kupitia mpango wa mafunzo wa DARA, unaoendeshwa kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Leeds cha Uingereza, vijana wa Kenya na nchi nyingine washirika wamefundishwa kuchakata data za redio kwa zana huria. Ethiopia, kupitia kituo cha anga cha Entoto, imekuwa mwenyeji wa ofisi ya kanda ya Afrika Mashariki inayotumia astronomia kwa maendeleo. Agosti 2024 Umoja wa Kimataifa wa Astronomia ulifanya mkutano wake mkuu Cape Town, wa kwanza katika ardhi ya Afrika.

Nyanda zetu za juu kusini zina kumbukumbu yake. Tarehe 1 Septemba 2016 jua lilipatwa kwa umbo la pete, na Rujewa, wilayani Mbarali, ikawa mojawapo ya mahali bora zaidi pa kulitazama. Dkt. Noorali Jiwaji wa Chuo Kikuu Huria cha Tanzania alifanya kazi kubwa ya kuwaandaa wananchi walitazame kwa usalama. Umati ulikusanyika, wanafunzi wakaona kwa miwani maalumu kile ambacho vitabu huchora. Leo mwanafunzi yeyote anaweza kukokotoa upya kwa Astropy mahali jua na mwezi vilipokuwa saa ile, na kuona pete ikitokea katika namba kabla ya kuitafuta katika picha.

Pamoja na hayo, majina ya Watanzania katika orodha ya wajenzi wa zana hizi bado ni adimu kuliko inavyostahili. Mlango haujafungwa, hauulizi pasi ya kusafiria wala ada. Unahitaji kompyuta, mwalimu mwenye uvumilivu, na maelekezo katika lugha ambayo mtoto anaielewa. Hilo la mwisho tunaliweza sisi wenyewe: kuandika mafunzo ya Kiswahili ya hatua za kwanza, kuyajaribu darasani, na kuyatoa kwa leseni huria ili shule ya Kigoma au Lamu nayo iyatumie na kuyaboresha. Kidole kimoja hakivunji chawa, na mradi huu umethibitisha hivyo tangu siku ya kwanza.

Umoja wa Mataifa umeitenga tarehe 30 Juni kuwa Siku ya Kimataifa ya Asteroidi. Walimu wa Ihanda, halmashauri ya Mbozi, Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya na watunzaji wa Kimondo wana nafasi ya kuifanya siku hiyo kuwa ya kazi pale Ndolezi: wanafunzi waletwe, kompyuta ziwashwe, na kila mmoja akokotoe mwenyewe mahali asteroidi moja ilipo angani siku hiyo. Programu ipo na ni ya bure. Tuanze mwaka huu.